Umezibwa jino, ganzi imeisha: sasa litunze lidumu

Tabibu wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, assalamu alaykum na habari za leo kwa wote. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno hapa Tanga mjini. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo linaloniumiza kazini: mtu anakaa kitini, anafungua kinywa, naona gego lilikwishazibwa vizuri tu, lakini limeoza pembeni mwa kizibo mpaka uozo umefika kwenye mshipa. Nikimuuliza alielekezwa nini siku aliyozibwa, anasema aliambiwa asile mpaka ganzi iishe, basi. Kisha anamalizia, "We ng'oa tu dokta, kuziba hakuna faida."

Faida ipo, tena kubwa. Ila tuelewane kuziba ni nini. Tunaondoa sehemu iliyooza na kulijaza tundu. Vijidudu vya kinywani vinabaki, sukari unayokula inabaki palepale, na jino halirudi kuwa jipya. Pale jino linapokutana na kizibo pana mstari mwembamba ambao wewe kwenye kioo huuoni. Uozo ukirudi, mara nyingi unapitia hapo. Kwa hiyo utunzaji wote nitakaoueleza ni wa kuulinda mstari huo, na kulilinda jino lisipasuke.

Nianze na ganzi. Ya taya la chini inakawia kidogo. Saa 2 hadi 4 mdomo bado mzito, wakati mwingine zaidi. Muda huo hujui unatafuna nyama au shavu lako, na chai ya moto inakuunguza ulimi bila kusikia. Subiri. Njaa ikizidi, kunywa uji uliopoa au mtindi.

Pili, kabla hujanyanyuka kitini, uliza umezibwa kwa dawa gani. Watu hawaulizi, na hilo ndilo linaloamua utatafuna lini. Ile ya rangi ya fedha, yaani amalgamu, inaanza kukaza muda mfupi tu lakini nguvu zake kamili inazipata baada ya saa 24 hivi, kwa hiyo upande ule usiutafunie mpaka kesho yake. Ile nyeupe inayopigwa taa ya bluu, resini, ikitoka chini ya taa imeshakaza. Kinachokuzuia kula ni ganzi tu. Kuna na nyeupe nyingine inayokaza yenyewe kwa kemikali zake, glasi ayonoma. Hiyo angalau saa 1 usile kitu, na siku nzima achana na vigumu. Inatoa floraidi kidogo kidogo kwenye jino, naipenda sana kwa watoto. Na hapa niwape jambo la kujivunia: ile njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono peke yake na kuziba, bila umeme wala mashine ya kuchimbia, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima Siku ya Afya Duniani ya 1994, na leo inatumika nchi nyingi kwa glasi ayonoma hiyohiyo.

Sasa lile ninalotaka mlishike kuliko yote: kung'ata. Tukimaliza kuziba tunakuwekea kikaratasi chembamba cha rangi juu ya jino, tunakwambia gonga, gonga, saga kushoto, saga kulia. Palipojaa kupita kiasi panabaki alama iliyokolea, nasi tunapapunguza kwa mashine, unagonga tena. Tatizo ni kwamba mtu mwenye ganzi hang'ati anavyong'ata siku zote, taya linakwenda kombo. Jioni ganzi imeisha, unauma mkate, unahisi jino lile linagusana kabla ya mengine. Hata kizibo kikizidi unene wa karatasi tu utakihisi.

Wengi husema litazoea. Wakuu, msisubiri lizoee. Kila ukitafuna jino lile linapokea kishindo peke yake, nyuzi zinazolishika kwenye mfupa zinavimba, linaanza kuuma ukiligusa, unahamia upande wa pili. Mwisho kizibo kinapasuka au jino lenyewe linapasuka. Rudi ulikozibwa. Ni kazi ya dakika chache, aghalabu bila sindano. Usione haya wala usidhani unamsumbua mtu.

Kupiga mswaki ni usiku uleule, polepole, kwa dawa yenye floraidi. Siku ile si ya kuliogopa jino.

Maswali yawekeni, nitajibu nikitoka kazini.

Dereva wa Kange

Asante sana dada tabibu. Mimi nimezibwa gego la chini wiki iliyopita, ile ya taa. Kutafuna sina shida, ila nikinywa maji ya friji au dafu la baridi linachoma kali, halafu linaacha. Nimeanza kuwaza labda walifungia uozo ndani.

Tabibu wa Ngamiani

Kaka, pole. Likichoma na kuacha hapohapo usiwe na hofu. Jino limechimbwa, limekaushwa kwa upepo, limepakwa dawa. Mshipa ulio ndani umechokozwa. Resini nayo ikipigwa taa inasinyaa kidogo, kama asilimia 2 hadi 3, na hilo peke yake linaweza kulifanya jino lisikie baridi. Kwa kawaida linatulia ndani ya siku chache hadi wiki 2, tundu likiwa refu linaweza kuvuta hadi mwezi, mradi kila wiki uone nafuu. Kwa sasa maji yasiwe ya baridi sana, na tumia dawa ya mswaki ya meno yanayochomwa na baridi. Madukani zipo, uliza.

Ninachotaka uangalie ni hiki. Baridi ikiondoka na maumivu yakabaki dakika nzima au zaidi. Chai ya moto ikianza kuliuma. Likikuamsha usiku, likipwita lenyewe hujaligusa. Hapo mshipa umezidiwa, na kusubiri hakusaidii. Jino linahitaji matibabu ya mzizi, ile watu wanaita kuua mshipa. Na ukiona uvimbe wa shavu au shingo pamoja na homa, au kinywa hakifunguki vizuri, au kumeza na kupumua kunakuwa kazi, hiyo ni dharura. Hata ikiwa usiku wa manane, nenda hospitali.

Kwa maumivu madogo paracetamol inatosha, mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, ukipita saa 6 unaweza kurudia, visizidi 8 kwa siku. Amoksilini ya duka la dawa msijinunulie. Mshipa uliovimba ndani ya jino hautulizwi na antibiotiki. Na aspirini ni ya kumeza, usiiweke juu ya fizi, inaunguza nyama mpaka inageuka nyeupe. Nimeiona mara nyingi mno.

Mama Mapacha

Shikamoo dokta. Mwanangu wa miaka saba alizibwa jino, tukarudi nyumbani Mikanjuni nikamwacha anacheza. Jioni mdomo wa chini umevimba, una kidonda cheupe. Jirani akaniambia ni sindano ilikuwa chafu. Nikatishika sana.

Tabibu wa Ngamiani

Marahaba mama, pole na pole kwa mtoto. Karibu na hakika ni meno yake mwenyewe. Mtoto akiwa na ganzi anaona mdomo umekuwa mgeni, anautafuna, anaunyonya, haumwi. Ganzi ikiisha ndipo kilio. Kinatisha kukitazama lakini kinapona ndani ya wiki moja au mbili. Msugutulishe maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mpake vaselini kidogo, ndimu na pilipili kaa nazo mbali. Kikitoa usaha, uvimbe ukaongezeka au akapata homa, mrudishe.

Wazazi wote mnaosoma: mtoto akizibwa kwa ganzi mtazameni mpaka iishe. Asipewe chakula cha kutafuna, na mwambieni waziwazi asiume mdomo.

Mama Mapacha

Alhamdulillah, umenitua mzigo. Na ubuyu je? Pale getini shuleni anauziwa kila siku na hanisikii.

Tabibu wa Ngamiani

Ubuyu mama umeniletea jambo zito. Ubuyu wenyewe una asidi, umepikwa kwa sukari, na mtoto haumezi, anaumumunya. Punje moja inakaa shavuni dakika kumi, anatia nyingine. Muda wote huo jino linaogelea kwenye asidi na sukari. Mwisho anaitafuna ile mbegu. Mbegu ya ubuyu ni ngumu kweli, inang'oa kizibo na kuvunja ukuta wa gego lililokwishachimbwa. Sikwambii umkataze maisha yake yote, najua hutaweza. Ale mara moja, baada ya mlo, amalize, asukutue maji. Na mbegu ateme.

Watu wazima nanyi mna mbegu zenu: mahindi ya kuchoma yaliyokauka, kutafuna barafu, kuvunja mfupa, kufungua soda kwa meno. Jino lenye kizibo kikubwa limebakiwa na kuta nyembamba. Miwa menyeni kwa kisu.

Mzee wa Baraza

Vijana nawasalimu. Sisi hapa barabara za namba tunakunywa kahawa alfajiri, alasiri na baada ya isha. Nina magego mawili yamezibwa. Sasa binti yangu unataka kunambia niache kahawa?

Tabibu wa Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Kahawa yako chungu kunywa bila wasiwasi. Haiozeshi jino, kizibo cheupe inakitia rangi tu, na tambuu inakitia rangi zaidi. Ninayemwogopa ni yule anayekuja na kahawa: kashata, halua, tende. Kila ukitia kitu cha sukari kinywani, vijidudu vinatengeneza asidi, na mate yanahitaji nusu saa, pengine saa nzima, kuisafisha. Kashata moja ukiimaliza pamoja na kahawa, asidi inapanda mara moja. Kashata hiyohiyo ukiimega kidogo kidogo kuanzia alasiri mpaka magharibi, jino halikupumzika. Kwa hiyo mzee, kula, maliza, sukutua maji, ndipo mazungumzo yaendelee.

Na chai ya sukari ni vivyo hivyo. Wapo wanaokaa na kikombe kimoja dukani asubuhi nzima, wanaonja, wanakiweka, wanaonja tena. Hao ndio ninaowazibia upya kila baada ya muda mfupi.

Mzee wa Baraza

Marahaba. Umesema jambo nimelielewa. Nimefanya kazi ya bahari miaka mingi. Chombo unakitia kalafati kati ya mbao na mbao, kinaelea, lakini msimu ukiisha unakipandisha pwani unakikagua palepale penye maungio. Hukingoji kiingize maji. Sasa jino la kukaguliwa ni lini?

Tabibu wa Ngamiani

Mzee, Mungu akuweke, hivyo ndivyo hasa. Kila baada ya miezi 6 njoo tuangalie, ukiwa huna matatizo hata mwaka mmoja sawa. Tunapitisha kifaa chenye ncha taratibu kwenye maungio, tunaangalia kama pamefunguka au pamelainika, ikibidi tunapiga picha. Uozo mdogo wa pembeni tunaurekebisha siku hiyohiyo. Ukingoja maumivu, mara nyingi umeshafika kwenye mshipa.

Kijana wa Pongwe

Dokta mimi natumia mswaki wa mti, na bibi alinifundisha mkaa uliosagwa, meno yangu meupe pee. Nimezibwa jino la mbele juzi. Niendelee?

Tabibu wa Ngamiani

Mswaki wa mti ukiutafuna ncha ikalainika vizuri unasafisha, sina ugomvi nao. Ila tia na dawa yenye floraidi, kwa sababu floraidi ndiyo inayokaza jino pembeni mwa kizibo. Angalia kasha, iandikwe floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku usiikose kamwe, kwani ukilala mate yanapungua. Ukimaliza tema tu, usisukutue kwa maji, dawa ibaki kwenye meno. Hili la kutosukutua watu wananishangaa nalo, lakini lifanyeni.

Mkaa uache. Unakwaruza resini, inapoteza mng'aro, inashika madoa, na jino lako la mbele litaonekana chafu kabla ya mwaka kuisha. Unakwaruza na jino lenyewe. Na ukishakula machungwa yetu ya Muheza, au ndimu, au ukwaju, ngoja kama nusu saa hadi saa ndipo upige mswaki, kwa sababu asidi imelilainisha jino juujuu. Sukutua maji kwanza.

MlimaMeru

Hapa napinga kidogo. Mimi nimekulia Arusha, nimehamia Tanga kikazi. Kwetu floraidi ndiyo iliyotuharibu meno, tazama watu wa kule meno yalivyo ya kahawia. Leo unatuambia tuipake?

Tabibu wa Ngamiani

Umeuliza la maana, na madoa yale ni ya kweli. Lakini yale yanatokana na maji ya kunywa yenye floraidi nyingi kupita kiasi, Arusha, Manyara, Kilimanjaro, mtoto anayanywa na kuyapikia tangu kuzaliwa wakati meno bado yanaumbika ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huko visima vingine vinaipita mara nyingi. Jino lililokwishaota halipati madoa yale tena. Dawa ya mswaki unaipaka juu na unaitema. Wa kuangalia ni mtoto mdogo asiyejua kutema: chini ya miaka 3 kiasi cha punje ya mchele, kuanzia 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, na mzazi asimame hapo.

MlimaMeru

Sawa, nimekuelewa. Nilikuwa nanunua ile isiyo na floraidi, nitabadilisha.

Mkweli wa Duga

Haya yote ya nini? Jino likioza ng'oa, yanabaki mengine. Mimi nimeng'oa matatu na naishi. Kuziba ni kuliwa hela mara mbili.

Bi Shughuli

Kaka wa Duga, sema yako, usiwakatishe tamaa wenzio. Mimi niling'oa gego la chini nikiwa msichana, nikaliacha pengo. La nyuma yake limelalia mbele, na la juu limeteremka limeingia kwenye pengo. Chakula kinanasa kila mahali. Lile nililoziba upande wa pili natafunia mpaka leo, nyama, mihogo, karanga, chochote.

Tabibu wa Ngamiani

Kaka Mkweli, nakuheshimu, na gharama naijua. Naona watu wanavyojikusanya kuja kutibiwa. Ndiyo maana napigania kile ulichokwishalipia kidumu. Alichosema Bi Shughuli ndicho kinachotokea: meno hayakai kusubiri, yanasogea kufuata pengo. Ukitaka kuweka la bandia baadaye, bei yake na ya kuziba haziko karibu. Yapo meno ya kung'oa kweli, yaliyobaki mzizi, yaliyopasuka mpaka chini. Lakini jino lenye tundu dogo, au lililozibwa likafunguka pembeni, halistahili hukumu hiyo.

Bi Shughuli

Dokta, na mimi nina langu. Kuna jino nimezibwa ubavuni, baina ya meno mawili. Tangu siku ile nyuzi za nyama zinanasa hapo kila nikila, na za chungwa pia, ulimi hautulii. Nikipitisha uzi wa meno unakwama na kuchanika.

Tabibu wa Ngamiani

Bi Shughuli, hizo ni dalili mbili na zote zinataka urudi. Chakula kunasa mahali ambapo hakikuwa kinanasa maana yake kizibo hakijagusana na jino la jirani, imebaki nafasi. Uzi kuchanika maana yake kizibo kimejitokeza pembeni, kina ukingo mkali. Vyote viwili vinakusanya uchafu palepale penye maungio, na fizi itaanza kutoa damu. Wakati mwingine wanaung'arisha ukingo tu inatosha. Ikiwa nafasi ni kubwa inabidi jino lizibwe upya, ndiyo haki.

Usijichokonoe kwa pini wala kijiti cha kiberiti. Kwa sasa pitisha uzi, na badala ya kuuvuta juu, achia upande mmoja uutoe kwa pembeni, hautang'oa kitu.

Mpiga Mbizi Sahare

Nimezibwa na dawa nyeupe laini yenye harufu ya karafuu. Nikaambiwa nirudi baada ya wiki 2. Maumivu yaliisha, kazi zikanibana, sasa ni miezi. Jino halina shida kabisa. Nirudi ya nini?

Tabibu wa Ngamiani

Rudi ndugu yangu, tena wiki hii. Hiyo ni dawa ya muda. Ni oksidi ya zinki iliyochanganywa na yujenoli, na yujenoli ndiyo mafuta makuu yaliyomo kwenye karafuu. Harufu uliyoisikia ni ile ya Pemba hapo ng'ambo yetu. Inatuliza mshipa vizuri sana. Lakini ni laini, inalika kila ukitafuna, na baada ya wiki chache inaanza kupitisha mate chini yake. Uozo unaendelea chini ya kizibo na wewe huna habari.

Na kuhusu jino kunyamaza: huenda limepona, huenda mshipa umekufa. Likifa halisikii baridi wala moto, mtu anafurahi, kumbe usaha unakusanyika taratibu kwenye ncha ya mzizi mpaka siku litakapovimba. Kwa kulitazama kwenye kioo huwezi kutofautisha. Sisi tunaligusa kwa baridi, tunaligonga, tunapiga picha, ndipo tunasema. Tena ukirudi mwambie wa kukutibu kwamba ile ya muda ilikuwa ya karafuu, kwa sababu mabaki yake yanaweza kuizuia resini isikaze vizuri. Inabidi asafishe sana.

Nyongeza kwa wanaotia mafuta ya karafuu wenyewe nyumbani: tone moja kwenye pamba, kwenye tundu tu, kwa kusogeza usiku mmoja. Ukiyamwaga kwenye fizi yanaunguza.

Dada wa Raskazone

Kuna video inazunguka, wanasema zile za rangi ya fedha ni zebaki na ni sumu. Mimi ninazo mbili, za zamani, hazijawahi kunisumbua. Nikazitoe?

Tabibu wa Ngamiani

Dada, usizitoe kwa ajili ya video. Ni kweli karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyoungana na fedha, bati na shaba. Ikishakaza inashikamana, mvuke unaotoka ni mdogo sana. Ukiichimba kuitoa ndipo mvuke unaongezeka, na jino linapoteza sehemu nzima nyingine bure. Kama kingo ni nzuri na hakuna ufa, kibaki.

Hofu kubwa ya dunia juu ya zebaki ni mazingira. Ikitupwa ovyo inaishia kwenye maji na samaki, na sisi tunaishi kwa samaki. Ndiyo sababu kuna Mkataba wa Minamata wa 2013, ulioanza kutumika 2017. Mwaka 2022 nchi wanachama zikakubaliana kuepusha matumizi yake kwenye meno ya utotoni, kwa watoto chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Hayo ni kwa vizibo vipya. Vyako wewe vikaguliwe tu.

Dereva wa Kange

Narudi. Baridi imepungua, haichomi tena isipokuwa maji ya barafu kabisa. Lakini baada ya kusoma uzi nimejisikiliza, kweli nikifunga kinywa gego lile linatangulia. Nilidhani ndivyo lilivyo. Leo nimekwenda, wakaniwekea kile kikaratasi, wakapunguza kidogo, nikaona meno yote yanakutana. Hata kichwa kilichokuwa kinaniuma upande ule kimelegea.

Tabibu wa Ngamiani

Umenifurahisha sana kaka. Wiki hii upande ule uwe nao taratibu, nyuzi zilizovimba zitulie.

Mpishi wa Mgandini

Dharura wakuu. Jana usiku harusini, pilau, nimeuma kipande cha mfupa, kizibo kimetoka chote, nadhani nimekimeza. Leo ni Jumapili. Rafiki yangu anasema nipake supa gluu nizibe na pamba.

Tabibu wa Ngamiani

Supa gluu hapana! Inaunguza, na itampa kazi mara mbili atakayekutibu. Kizibo ulichomeza kitatoka chenyewe chooni. Ila kama ulipaliwa na tangu hapo unakohoa au kifua kinakoroma, nenda hospitali leo, kisije kikawa kimeingia njia ya hewa.

Kama hukupaliwa, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, piga mswaki hata ndani ya tundu taratibu, tafunia upande wa pili, sukari weka mbali mpaka utibiwe. Kesho asubuhi nenda. Ukiwahi, mara nyingi tunasafisha na kuziba tena. Ukiliacha mwezi, kuta zitavunjika na mazungumzo yatakuwa mengine.

Mpishi wa Mgandini

Sijapaliwa, nashukuru. Kesho natangulia hospitali kabla ya sokoni.

Baba Mtarajiwa

Na mimi swali la haraka. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, jino alilozibwa zamani limefunguka na linamuuma. Nyumbani wazee wanasema asiguswe mpaka ajifungue.

Tabibu wa Ngamiani

Kaka, wazee waheshimiwe lakini asisubiri. Mwezi wa 4 hadi wa 6 ndio wakati mzuri kuliko yote wa kumtibu, kichefuchefu kimepungua na tumbo bado halijamzuia kulala kitini. Ganzi ya kawaida ya lignokeini inafaa kwa mjamzito. Hatari iko kwenye usaha na maumivu yanayomnyima chakula na usingizi. Kwa sasa anywe paracetamol, asipewe ibuprofeni wala diklofenaki. Akifika aseme mapema kwamba ni mjamzito, azibwe kwa ile nyeupe, na kitini alale akiegemea kidogo ubavu wa kushoto. Kama anatapika asubuhi, asipige mswaki hapohapo. Asukutue kwanza maji yenye magadi ya kuokea kidogo, angoje nusu saa.

Mpeleke kesho, na aende na kadi yake ya kliniki.